Kovu Nililosema Silijui

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka hata nisipotaka. Ilikuwa mchana, ofisi ya kijiji, hapa hapa Ijumbi. Mzee mmoja alipandisha shati lake mbele ya watu akaonyesha kovu karibu na kitovu, kisha akanigeukia mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nitafika kwenye siku hiyo, ila nivumilie, maana mimi si mwepesi wa kalamu. Shule niliishia kidato cha tatu, na namna nilivyoishia ni sehemu ya habari yenyewe.

Nakuandikia wewe Koletha, binti wa kaka yangu, uliyechaguliwa kuongoza wanafunzi chuoni kwenu Bukoba. Ukiona inafaa wasomee na wenzako. Baba yako alinipigia simu kwa furaha kwamba wakubwa wa chama wamesikia unavyosema mikutanoni, wamekualika chai, na wanasema wewe ni wa kufika mbali. Nilimjibu vizuri. Kisha nikakaa chini. Chai hiyo naijua, mwanangu. Mimi nilipewa soda.

Wewe unaniona mzee wa kuchechemea tu, anayekemea mbuzi za watu. Zamani nilikuwa na sauti. Shuleni waliniita Redio. Shule yetu ilikuwa ya bweni, huku huku wilaya ya Muleba. Jina lake silitaji, kwa sababu shule haikukosa, waliokosa ni watu. Mkuu wetu aliitwa Mwalimu Projestus. Huyo namtaja.

Rafiki yangu aliitwa Elias. Alitoka Ijumbi kama mimi, kibanja chao kimepakana na chetu, na mgomba wao ukiangukia upande wetu tulikata mkungu tukawapelekea. Yeye alikuwa na akili ya darasani, mimi nilikuwa na mdomo. Hesabu zangu alinifanyia yeye, na akitaka jambo lisemwe mbele ya watu, nalisema mimi. Tuliishi hivyo, hakuna aliyemzidi mwenzake.

Babu yake Elias, Mzee Gabrieli, alikuwa amekuja zamani sana kutoka ng'ambo ya mpaka kutafuta kibarua cha kupalilia migomba. Mwaka ule aliofika, babu yangu mimi aliugua ndui. Watu wakamkimbia, hata ndugu zake. Yule kibarua, ambaye hakuwa na mtu hapa, ndiye aliyemchotea maji akamlisha uji mpaka akapona. Babu aliposimama tena kwa miguu yake alimwita, wakafanya omukago. Wewe umekulia mjini, pengine umelisikia neno tu. Kwa Kiswahili wanasema kuchanjiana. Kila mmoja anachanjwa kidogo karibu na kitovu, buni ya kahawa inapakwa ile damu, na mwenzake anaitafuna na kuimeza. Basi, mmekuwa ndugu. Watoto wa huyu hawaoi kwa yule. Ukifika kwake na njaa huombi, unakaa unakula. Na shida ya mmoja huwezi kusema haikuhusu. Wazee walisema ukimkana mtu wa omukago, ile buni inavimba tumboni mpaka ikuue. Babu akampa Gabrieli kipande cha ardhi, akapanda migomba, akaoa, akazaa. Mimi nilimkuta pale kama nilivyoukuta mlima.

Sasa siku moja asubuhi, kwenye paredi, Mwalimu Projestus akasoma majina saba. Akasema hao saba asili yao ina mashaka, warudi nyumbani mpaka walete barua ya uraia. Jina la tatu lilikuwa la Elias. Mvua ilikuwa imenyesha, tumesimama kwenye matope, na wale saba wakaanza kutengwa pembeni na wenzao, taratibu, kama vile wana ugonjwa. Hakuna aliyeamuru watengwe. Tulisogea wenyewe. Mimi pia nilisogea nusu hatua. Nalisema hilo kwa sababu baadaye nilisifiwa sana kwa ushujaa, na hiyo nusu hatua haikuhesabiwa na mtu.

Mchana, tukila matoke, Elias akaniambia yeye haendi popote.

"Kesho wakiita majina, tusijibu nipo," akasema.

"Tujibu nini?"

"Sina barua. Wote. Hata mtoto wa katekista. Nani hapa ana barua? Wewe unayo?"

Kweli sikuwa nayo. Nani aliwahi kuandikiwa barua kwamba ni wa kwao?

"Utatangulia wewe, Redio," akasema. "Nikitangulia mimi watasema najitetea."

"Na nikifukuzwa?"

"Utasomea nyumbani. Bibi yako anasoma kuliko wewe."

Wakacheka wote pale mezani. Bibi yangu hakujua hata herufi moja.

Asubuhi yake mwalimu wa zamu akaita jina la kwanza. Kimya. Akafika kwangu: "Anatori." Nikajibu kwa ile sauti yangu, "Sina barua." Akainua macho. Akaita lililofuata. "Sina barua." Msichana mmoja wa kidato cha pili, Adela, mdogo na mkali kama pilipili, alijibu kabla hata hajaitwa. Daftari zima likaisha hivyo, hakuna hata mmoja aliyekuwepo shuleni. Siku tatu mfululizo. Walimu wengine waligeuza nyuso ili tusiwaone wakicheka. Siku ya nne tukatoka getini tukatembea kwa miguu mpaka Muleba mjini, tumebeba barua aliyoiandika Elias, na watu njiani wakitoka vibanjani kutuuliza nani amekufa.

Mwanangu, ile ilikuwa kazi safi. Sitaki udhani nakukataza kazi kama ile. Katika maisha yangu yote ndiyo wiki pekee ninayoweza kuitazama bila kuinamisha kichwa.

Pale Muleba akatoka mtu kutusikiliza. Alikuwa Bwana Theonest, mkubwa wa chama, mtu wa suti ya kaunda na maneno mazuri. Nilimjua, maana na yeye alikuwa na shamba la kahawa huku Ijumbi. Nilisoma ile barua kwa sauti. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha hakumtazama aliyeiandika, alinitazama mimi niliyeisoma. Tukaambiwa turudi, wale saba wataendelea na masomo wakati uhakiki unafanyika. Tulirudi tukiimba. Elias alinibeba mgongoni kuanzia getini mpaka bwenini.

Wiki mbili baadaye, wenzetu sita walikuwa wameleta barua kutoka vijiji vyao, yamekwisha. Elias peke yake akabaki. Kijiji chetu kilikataa kuandika. Walisema suala lake ni zito, litasikilizwa na kamati, na kamati itaongozwa na Bwana Theonest mwenyewe.

Hapo ndipo nikaitwa. Gari lake lilikuja shuleni Jumamosi, likanichukua mbele ya wanafunzi wote. Nilikaa kiti cha mbele. Nyumbani kwake nilikalishwa kwenye kochi, nikaletewa soda ya baridi, na yule mtu mzima akaniita "Mheshimiwa mtarajiwa". Nilikuwa mtoto wa mjane, mwanangu. Kwenye karo nilikuwa wa kuomba, kwenye hesabu nilikuwa wa kunakili. Hakuna mtu aliyewahi kuninyooshea mkono wa kunipandisha mahali.

"Una sauti," akasema. "Vijana wanakufuata. Mimi natafuta mtu wa kuongoza vijana wa chama kata hii. Ukianzia hapo, udiwani haupo mbali. Baada ya udiwani, nani ajuaye, tutakutazama bungeni kwenye televisheni."

"Na Elias?" nikauliza. Angalau niliuliza.

"Umeshinda sita kati ya saba. Kiongozi hang'ang'anii yote." Akanywa chai yake. "Sitaki useme uongo, mimi ni Mkristo. Kamati itakuuliza kama unajua asili ya familia ile. Sasa wewe ulikuwepo walipokuja? Hukuwepo. Utasema hujui. Hilo si kweli?"

Nikanyamaza. Ndivyo nilivyokubali, kwa kunyamaza, soda mkononi. Na kwenye gari wakati narudi nilijitungia hadithi nzuri sana. Nilijiambia: nitasema sijui, Elias atasumbuka kidogo, mimi nitapanda, nikifika juu nitamrudisha kwa amri moja. Nilimwona akinishukuru. Yaani nilikuwa nimeshamsahau akiwa bado yupo, nikawa namsaidia yule wa baadaye niliyemtunga mwenyewe.

Siku ya kamati ofisi ilijaa, wengine wamesimama madirishani. Theonest amekaa mezani katikati, Mwalimu Projestus kulia kwake, mwenyekiti wa kijiji kushoto. Elias na babu yake wamesimama. Mimi nimewekewa kiti.

Wakamuuliza Mzee Gabrieli ana ushahidi gani kwamba yeye ni wa hapa. Mzee hakuwa na karatasi. Akavua kofia, akasema kwa Kihaya cha taratibu, "Waitu, ushahidi ninao." Akapandisha shati. Ngozi ya tumbo lake ilikuwa imekunjamana, na pale karibu na kitovu pana kovu dogo, la mviringo uliopasuka katikati, mfano wa buni.

"Nilichanjiana na mwenye ardhi ile," akasema. "Yeye amekufa, lakini alikuwa nalo kama hili. Mjukuu wake huyo hapo. Ndiye aliyemwogesha alipokuwa mgonjwa. Muulizeni."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mzee, kovu si pasipoti," watu wakacheka. Theonest naye akatabasamu. "Hilo linaweza kuwa la kupasuliwa ngiri," akasema, wakacheka zaidi. Mzee hakushusha shati. Alisimama vile vile, tumbo nje, ananitazama.

Ni kweli nilimwogesha babu. Miezi mitatu kabla hajafa nilimwogesha kila siku, na kila siku nilipitisha kitambaa juu ya kovu lile. Alikuwa ananiambia, "Hapo taratibu, hapo yupo Gabrieli." Hata leo, ukiniambia nifumbe macho nilichore, nitalichora.

"Anatori," akasema Theonest, "unalijua kovu hili?"

Swali lilikuwa limebadilika, unaona. Nyumbani kwake tuliongea habari za asili, nikajificha kwamba sikuwepo. Sasa naulizwa kitu nilichokishika kwa mkono. Nilipata nafasi ya kupumua mara moja, labda mara mbili. Elias hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Hilo ndilo linaloniua. Alikuwa ananitazama kama siku zile za paredi, anasubiri Redio iwake.

"Silijui," nikasema.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sauti yangu ilitoka ndogo, mpaka Projestus akasema, "Rudia, mwandishi hajasikia." Nikarudia.

Mzee Gabrieli akashusha shati, akalichomeka vizuri kwenye suruali, akavaa kofia. Kule dirishani alikuwepo Adela, yule wa kidato cha pili. Akasema bila kupaza sauti, "Redio imehama stesheni." Hakuna aliyecheka safari hii.

Nilirudi nyumbani nikamkuta bibi amekaa kwenye nyasi alizokuwa ametandika asubuhi ile sebuleni, anachambua maharage. Habari ilishafika kabla yangu. Nikamsalimu, hakuitikia. Akaniambia, "Njoo." Nikasogea. Akafungua kifungo cha shati langu, akaweka mkono wake wenye vumbi la maharage juu ya tumbo langu, akalibonyeza hapa na pale, kama daktari.

"Halijavimba," akasema. "Basi ile buni imevimba mahali pengine."

Akarudi kwenye maharage yake. Alinipikia tena, alinifulia tena, lakini neno hilo hakulifuta mpaka tulipomzika.

Elias na watu wake walipewa siku saba. Waliondoka siku ya tano, asubuhi, kuelekea Biharamulo, wamebeba magodoro na kuku. Niliwangojea njiani, sijui kwa nini, labda nilitaka kumweleza ule mpango wangu wa kumrudisha nikiwa mkubwa. Alipofika karibu nikamwita, "Elias."

Hakusimama. Akajibu tu, kama kwenye paredi, "Sina barua," akapita.

Tangu siku hiyo sijamwona.

Sasa niwataje, maana watu wa hapa wanapenda kusema mambo yalitokea, kama vile yalijitokeza yenyewe kama uyoga. Bwana Theonest ndiye aliyekitaka kile kibanja, kwa sababu kiko kando ya barabara na kimepakana na shamba lake. Mwaka haukuisha alikuwa amekata migomba ya Gabrieli akapanda kahawa, na leo anavuna hapo. Mwalimu Projestus aliyasoma yale majina saba ili jina moja liingie bila kuonekana. Hilo aliniambia mwenyewe miaka mingi baadaye, akiwa amelewa rubisi, kama mtu anayesimulia ujanja wa sungura. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Dezideri, alikataa kuandika barua, naye alikuwa amekula mezani kwa Gabrieli tangu utoto wake. Na Anatori wa Ijumbi, ambaye ni mimi, ndiye aliyeufunga mlango. Bila mimi wale watatu walikuwa na maneno tu. Watu walitaka kusikia mtu wa ndani ya nyumba, na huyo nilikuwa mimi.

Malipo yangu nayo uyajue. Muhula ulipoisha Projestus alinifukuza shule kwa kosa la kuongoza mgomo. Nilikimbilia kwa Theonest. Akanipiga begani, akasema siasa haihitaji cheti. Nikawa kiongozi wa vijana wa kata, kweli, yaani nilishika kipaza sauti. Miaka kumi na moja nilisimama juu ya magari nikisifu watu ambao wakishapita hawanijui. Ilipofika zamu yangu ya kuomba udiwani, kwenye kura za maoni, alisimama Theonest mwenyewe kumpigia debe mpwa wake. Unajua alisema nini? Alinyoosha kidole kwangu akasema, "Huyu alimkana ndugu yake wa omukago mbele yetu sote. Atatukumbuka sisi?" Ukumbi ukapiga makofi. Na mimi nikiwa nimekaa pale, mwanangu, nilijikuta nakubaliana naye.

Kampeni ile ile gari letu lilipinduka kwenye mteremko, wenzangu wawili wakafa, mimi nikabaki na mguu huu. Watu husema Mungu alinihifadhi kwa kusudi. Nimekaa miaka mingi najiuliza ni kusudi gani, na jibu sikulipata mpaka wewe ulipoleta mgeni mwezi uliopita.

Ulikuja na yule binti mnayesoma naye. Ukaniambia, "Baba mdogo, huyu ni Gabriela. Wamemzuia chuoni kwa sababu hana kitambulisho cha taifa, wanasema asili yake haieleweki. Wanafunzi wote tumesimama naye. Baba yake kasema ukoo wao ulitoka Ijumbi, tunatafuta mtu wa kushuhudia." Ulikuwa unaongea haraka, kwa fahari, na nikaona sauti yangu imehamia kwako. Kisha nikamtazama yule binti usoni, sikuhitaji kuuliza baba yake ni nani.

Nilileta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu, kama anavyoletewa mgeni yeyote katika nyumba hii. Wewe ulichukua ukatafuna huku unaongea. Yeye aliiweka mikono yake magotini.

"Nisamehe," akasema. "Baba amenikataza kula kitu hapa mpaka nisikie utakachosema ofisini."

Wewe ulicheka, ukadhani ni mzaha wa Karagwe huko anakoishi baba yake. Sasa unajua haukuwa mzaha.

Nilizifunga zile buni kwenye jani la mgomba nikatia mfukoni, tukapanda basi siku ya pili kwenda Bukoba. Pale ofisini alikuwepo afisa kijana, mwenye adabu. Nikamwambia yote. Nikamwambia babu yangu alikuwa na kovu na babu yake baba wa huyu binti alikuwa na kovu, na kwamba hili la babu yangu nililiosha kwa mikono hii, na kwamba niliwahi kuulizwa nikasema silijui, na nilisema uongo. Nilimwambia aandike hilo la uongo pia. Aliacha kuandika akanitazama.

"Mzee, hapa panaulizwa una uhusiano gani na mwombaji. Kuna ndugu, kuna jirani, kuna mwajiri. Nichague lipi?"

Neno lilikuwepo mdomoni, sikuweza kulitoa. Nikasema, "Muulize yeye."

Gabriela alifikiri. "Aandike jirani," akasema. "La ndugu tutaona."

Nikatia sahihi, na dole gumba juu yake. Nimewahi kushika vipaza sauti vya kila namna, lakini sijawahi kusikilizwa kama nilivyosikilizwa siku ile na watu wawili na wewe mlangoni.

Tulipotoka nje akanyoosha mkono. "Zile buni unazo?" Nikampa kile kifurushi cha jani. Hakukifungua. Akakifunga kwenye leso yake, akaitia kwenye mkoba. "Nampelekea baba. Akitafuna, nitakupigia."

Basi, Koletha mwanangu, haya ndiyo ninayotaka uyachukue.

Nenda kwenye chai yao. Siwezi kukuambia siasa ni uchafu, ukatuachia akina Theonest peke yao. Lakini wakishakusifu sauti yako, tazama kama wanamtazama na aliyeandika barua. Watakuja kukuomba mtu mmoja. Hawatakuomba wengi, wengi utakataa. Watakuomba mmoja, na watasema si uongo, sema tu hujui. Neno "sijui" ni jepesi sana mdomoni, na ndilo nililohukumu nalo familia nzima. Usimwache mtu leo kwa ahadi ya kumrudisha ukiwa mkubwa. Huyo mkubwa utakayekuwa hatamkumbuka, atakuwa na watu wengine wa kuwakumbuka. Kama Gabriela ndiye aliyekupandisha wewe jukwaani, basi atakapoguswa ushuke naye, hata kama jukwaa hilo lilikuwa linakwenda Dodoma. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, usingoje kupinduka na gari ndipo useme. Sema siku ile ile, mbele ya wale wale waliokusikia ukikosea. Mimi nilichelewa, nikasema mbele ya afisa asiyemjua Mzee Gabrieli. Mzee mwenyewe yuko chini ya udongo wa Biharamulo, hakunisikia.

Simu yangu naiweka kifuani nikilala, na nikienda kibanjani naitundika shingoni kwa kamba. Majirani wananicheka, wanasema mzee amepata mchumba. Leo ni wiki ya tano. Haijalia kwa jambo hilo, na kama haitalia, hawana deni kwangu, Gabriela na baba yake.

Mungu akutunze, mwanangu. Akuachie hiyo sauti, na akupe na sikio la kuisikia ikianza kuwa ndogo. Na siku watakapokuuliza mbele ya watu kama unamjua fulani, naye amesimama pale hana karatasi, Mungu akutie nguvu ya kusimama ulipokaa na kusema namjua, ni wetu.